Mguu Mwepesi wa Shofere wa Misheni

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua. Nilikuwa nimerudi Kasongo kutoka Lubumbashi na diploma yangu ya umekanika ndani ya bahasha ya plastiki, pamoja na jipu kuukuu la mazutu, yaani dizeli, nililolinunua kwa fedha za watu. Wauza mchele wa sokoni walinijadili mchana mzima. "Mwezi wa kwanza ataendesha," alisema mmoja wao, "wa pili atauza magurudumu, wa tatu atauza milango." Binamu yangu, ambaye hubeba watu kwa pikipiki, aliongeza mbele ya wateja wake: "Yaya, kaka yangu, barabara ya Kabambare haisomaki diploma!" Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka, kwa sababu nilijua hawajui wanasema na nani.

Siandiki haya kwa kujisifu tu, ingawa haki ya kujisifu ninayo. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kushika diploma na wa kwanza kulaza gari mbele ya nyumba. Leo magari ni mawili, na binamu yangu yule yule ndiye anayeendesha la pili, kwa masharti yangu. Lakini nitakuwa mwongo nikisema nilifika hapa peke yangu. Kulikuwa na mzee mmoja.

Kila mtu alimwita Shofere wa Misheni, hata watoto waliozaliwa miaka mingi baada ya yeye kuacha usukani wa misheni. Alikozaliwa na watu wa kwao sikuwahi kuuliza. Mwenyewe alianza hadithi ya maisha yake siku padri alipompa ufunguo, kana kwamba kabla ya hapo alikuwa mzigo nyuma ya kamio, lile lori la misheni. Alikuwa mfupi, suruali yake ya kaki pana kama mfuko wa mihogo, na mfukoni hakukosa kipande cha mwanzi chenye alama za kisu, ambacho alikitumbukiza ndani ya tangi kupima mafuta. Kisahani cha gari cha kuonyesha mafuta hakukiamini. "Ile mushale inasemaka kitu mwenye gari anapenda kusikia," alisema.

Nilianza kumjua kwa kumchukia. Asubuhi alikaa kando ya mama mmoja muuza mandazi, pale magari ya Kabambare yanapopakia watu, akitazama miguu ya madereva. Hakutazama sura zao, ni miguu tu. Siku moja nilikuwa nimewasha injini nusu saa nzima nikingoja abiria, naye akaniita.

"Mutoto, motokari yako iko nakunywa kupita bwana yake."

"Papa, mimi nimesoma injini miaka mitatu."

"Ni vizuri. Na yeye amekusoma siku ngapi?"

Mama wa mandazi alicheka hadi akamwaga mafuta. Nilikanyaga kichapuzi, injini ikanguruma, moshi ukawafunika wote wawili, nami nikaondoka nikijiona mshindi. Wiki ile ile, tukitoka Kabambare, tangi lilikauka kabla kidogo ya kufika Lusangi. Nilikuwa nimebeba wamama tisa, magunia ya karanga na mbuzi wawili. Nilifungua boneti, nikajifanya natafuta ugonjwa. Mama mmoja aliyekuwa juu ya magunia akauliza kwa upole, "Baba, ile diploma haiwezi kuungua tukaitumia?" Walishuka, wakatembea hadi Lusangi na mizigo kichwani, na nauli yao nikawarudishia.

Ni lazima msomaji ajue uzito wa nauli ile. Jipu halikuwa langu kwa kweli. Mama yangu mdogo alikuwa ameuza mbuzi wake wote kunisaidia kulinunua. Wamama wa kanisa letu walinipa zamu yao ya likelemba, ule mchango wanaopokezana kila mwezi. Kiasi kikubwa kilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mchele, mtu mpole wa maneno, aliyeishika karatasi ya gari na kusema: mavuno yajayo ya mpunga yakiisha hujanilipa, jipu linalala kwangu. Na mazutu yalikuwa yakimaliza faida yote. Kila nilichopata Kabambare, nilikiacha kwenye madebe ya wauza mafuta.

Basi nilikwenda kwa Shofere wa Misheni. Nilipeleka samaki wa kukaushwa wa Nyangwe, kwa kuwa nilikuwa nimesikia anawapenda. Aliwanusa mmoja mmoja bila haraka.

"Franka sitaki," akasema. "Miye nitakaa mbele kwenda na kurudi. Samaki kila safari. Na nikikupiga, usiende kulia kwa mama yako."

Nilidhani anatania kuhusu kupiga.

Kabla ya kupanda gari alivua kandambili zake, akazipanga sakafuni pamoja, mtu angedhani anaingia msikitini, na yeye ni Mkatoliki wa tangu zamani. Alitaka nami nivue viatu. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya Lubumbashi, vyenye soli nene, na nilivaa makusudi ili vionekane. "Ndani ya hivyo mguu wako ni kipofu," akasema. Nilivua. Kwa mara ya kwanza nilihisi kichapuzi kinatetemeka chini ya vidole, na nikatambua kwamba nilipodhani nakigusa, kumbe nilikuwa nakikanyaga kama mtu anayeua nge. Nilipokosea, ule mwanzi wake ulitua juu ya goti langu, kavu. Hakuwa anatania.

Alikuwa na njia yake ya kupima dereva, na sijaisoma katika kitabu chochote. Kwetu abiria hukaa juu ya mizigo, na wamama wakikaa juu ya mizigo huongea. Huongea bei, wakwe, ndoa za watu, tangu Kasongo hadi Kabambare. "Sikiliza juu," aliniambia. "Wakiongea, unaendesha. Wakinyamaza, umeharibu." Ilikuwa kweli tupu. Nilipochomoka kwa nguvu walinyamaza ili wajishike. Niliposhika freni ghafla mbele ya dimbwi, hadithi ilikatika katikati. Kila ukimya wa juu ulikuwa mazutu yaliyomwagika chini: nimekimbiza uzito wote ule kwa mafuta, kisha nimeutupa mwendo kwenye freni, kisha nanunua mwendo mwingine upya. Nilianza kutazama mbali. Dimbwi nililiona likiwa bado dogo kama sahani, nikaondoa mguu mapema, gari likajipunguza lenyewe, likavuka, nikaongeza taratibu. Safari ya tatu nilisikia talaka ya mtu wa Lusangi kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kukatwa hata mara moja. Shofere wa Misheni alifumba macho. Nilidhani amelala. "Endelea," akasema. "Nataka kujua kama alirudishiwa mahari."

Kuhusu gia tulibishana sana, na hapa diploma yangu ilipata heshima, kwa kiasi. Yeye alitaka nipandishe gia mapema, kabla injini haijaanza kulia, niiache ivute kwa sauti nzito. Hilo nilikubali. Lakini kwenye miteremko nilikuwa na tabia ya madereva wengi wa kwetu: natoa gia kabisa, gari linateleza lenyewe, najiona naweka akiba. Aliponiona nafanya hivyo kwenye mteremko unaoshukia daraja la miti, mwanzi ulitua mara mbili.

"Rudisha!"

"Papa, ninapunguza mafuta."

"Unapunguza maisha. Freni ikikataa hapa utashikwa na nani? Rudisha gia, ondoa mguu, injini ikushike."

Nilirudisha. Kisha, kwa sababu mtu aliyesoma ni lazima aseme, nikamweleza kwamba kweli gari likishuka ndani ya gia bila mguu, pampu hukata mafuta, wakati lile lililotolewa gia linaendelea kunywa ili lisizimike. Nilieleza vizuri, na maneno ya Kifaransa. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Hiyo yote ulikuwa unaijua?"

"Ndiyo, Papa."

"Na bado ulikuwa unatoa gia?"

Juu ya magunia wamama waliangua kicheko, maana walikuwa wanasikiliza chini.

Uzito ulikuwa ugomvi mwingine. Nilikuwa nimefunga juu ya jipu langu reli ya chuma ya kubebea mizigo, taa nne za mbele, spika ya muziki, na sanduku la vyuma vya ufundi ambalo watu wawili walilinyanyua kwa shida. Gari lilipendeza, sikatai. Alilizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Hiki kinalipa nauli?" aliuliza, akigonga spika. "Hapana." "Na hiki?" Taa. "Hapana." Aliendelea hivyo hadi nikaanza kufungua boliti mwenyewe. Tulibaki na gurudumu moja la akiba, jeki, kamba, koleo na funguo nane za boliti. Nafasi ya sanduku ilichukua gunia moja la mchele, na gunia hilo lililipa. Magurudumu aliyakanyaga kwa kisigino kila alfajiri, na lililobonyea hatukuondoka bila kulijaza. "Usukume baiskeli yenye upepo kidogo hadi Nyangwe," alisema, "halafu uje unisalimie."

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa injini kunguruma palepale kituoni. Kwetu abiria hapandi gari lililonyamaza. Gari likiwaka, linaondoka. Likinyamaza, mwenyewe amekwenda kunywa chai. Kwa hiyo kila dereva wa Kasongo huwasha tangu asubuhi, anakanyaga kidogo, moshi unatoka, mpiga debe anaita "Inaenda! Inaenda!", na haiendi popote kwa saa nzima. Wote tunajua ni uongo, abiria wanajua, na bado hawapandi gari la kimya. Mimi nilikuwa bingwa wa uongo huo. Shofere wa Misheni alinitaka nizime.

"Papa, nikizima hawapandi."

"Basi wape kitu kingine cha kuamini. Ondoka saa kumi na mbili."

"Na nisipojaza?"

"Ondoka."

Nilimwambia ni rahisi kwake, gari si lake wala karatasi haiko kwa mtu wa mchele. Safari hii hakuinua mwanzi. "Ndiyo maana nasema uondoke," akasema.

Siku ya kwanza niliondoka na watu watatu na jogoo mmoja. Madereva wenzangu walisimama mstari wakinipungia leso kama wanaaga maiti. "Bwana diploma, msalimie jogoo!" Njia nzima nilihesabu hasara kimoyomoyo, na hakukuwa na sauti juu ya kunipoza. Siku ya pili watano. Wiki ya pili tulipata mvua, na mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa alikuja kituoni alfajiri akiuliza ni gari gani linaondoka kweli. Muuza mandazi akamwelekeza: "Ile iliyozima. Ile inaendaka." Baada ya hapo watu walianza kunikuta wameshapanga mizigo yao kando ya gari lililo kimya kabisa. Waislamu walikuja moja kwa moja kutoka sala ya alfajiri, Wakristo wakaja na thermosi zao, na saa kumi na mbili mimi huyo. Injini niliwasha mara moja tu, nikiondoka. Wenzangu waliendelea kunguruma nyuma yangu hadi jua likapanda.

Nisimfanye mtakatifu, kwa sababu hakuwa, na yeye mwenyewe angenipiga goti. Siku moja tukiwa tumekaa Kabambare tunangoja mvua ipungue, nilimwuliza nani alimfundisha mguu ule mwepesi. Nilitegemea jina la Mbelgiji fulani. Alitafuna samaki wake kwanza.

"Wizi," akasema.

"Nini?"

"Padri alikuwa ananipa lita hamsini za safari. Nikaona nikikanyaga polepole ninatumia thelathini na tano. Kumi na tano nikauza. Nikaona nikizima injini wakati wa kungojea na nikitazama mbali, zinabaki kumi na nane. Nikauza kumi na nane. Nilijenga vyumba viwili vya nyumba yangu kwa mguu wangu wa kulia."

"Na padri hakujua?"

"Nilienda kuungama. Akanisamehe pale pale. Safari iliyofuata akanipa lita thelathini na mbili."

Alicheka hadi akakohoa. Kisha, akiwa bado anafuta machozi, akasema miaka kumi iliyofuata hakuna lita ya misheni iliyopotea, na kwamba alikuwa ameshazoea, hakuweza tena kukanyaga kwa nguvu hata angetaka. Nimelifikiria sana jambo hilo. Mtu alijifunza uaminifu wa mguu kupitia ukosefu wa uaminifu wa mkono, na sijui niliweke kundi gani.

Halafu kulikuwa na hili: yeye aliyenisuta kwa dakika moja ya kuwasha bure hakuwa tayari kutembea hata kutoka kituoni hadi kanisani. Alipanda pikipiki ya binamu yangu kwa umbali ambao kuku huvuka bila kufikiri. Nilipomkumbusha, alijibu, "Hayo si mazutu yangu." Alisema haraka ni ugonjwa, na sahani ya bugali ilimalizika mbele yake kabla sijanawa mikono. Kwenye mchezo wa dama alihamisha kete ukitazama pembeni. Na kusema samahani hakujua. Siku aliponipiga kwa kosa la mtu aliyekuwa amevuka barabara na baiskeli, kilomita kadhaa baadaye alinimegea kipande cha samaki, upande wa tumbo, na hapo nikajua.

Safari ya kwenda na kurudi iliyokuwa ikinila mabido manne ya mazutu, yale madumu ya lita kumi, kufikia miezi ya mavuno ilinila matatu na kipande. Gari ni lile lile, barabara ni ile ile, na matope yale yale. Tofauti ilikuwa chini ya kifundo changu cha mguu. Hapo ndipo mvua za mwisho zilipong'oa daraja moja upande wa pili wa Lusangi, nikakwama huko siku nane na mzigo wa watu, nikala fedha niliyokuwa nayo. Niliporudi mpunga ulikuwa umekwisha kukatwa. Zilibaki safari mbili kubwa za mchele kabla mfanyabiashara hajaja kuchukua jipu, na tangini hakukuwa na kitu. Wauza mafuta wote walitaka franka mkononi.

Shofere wa Misheni hakusafiri tena siku zile. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba. Nilimkuta kitandani. Sikuomba. Nilikaa tu nikaeleza habari za daraja. Akainama kwa shida, akavuta chini ya kitanda bido la lita ishirini.

"Utarudisha lita ishirini," akasema. "Franka sitaki. Lita."

"Hazitoshi kwenda na kurudi, Papa."

"Kwa nani?"

Zilinifikisha Kabambare na gunia la mwisho likigusa turubai. Huko wenye mchele wenyewe waliniongezea mafuta ya kurudi, kwa kuwa walijua gari langu linafika. Nilifanya safari ya pili, na ya tatu ambayo sikuitegemea.

Siku niliyolipa nilianza na mtu wa mchele. Alihesabu, akahesabu tena, akafungua sanduku, akanipa karatasi ya gari langu. Nadhani alikuwa ameshalichagulia rangi. Nikaenda kwa mama mdogo, nikampelekea mbuzi badala ya noti, na mmoja zaidi wa juu. Aliwatazama meno kama vile mimi ni mgeni sokoni. Wamama wa likelemba waliniimbisha nusu saa kabla ya kupokea chao. Jioni nikafika kwa mzee na bido limejaa hadi shingoni.

Alikuwa amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Alilinyanyua kidogo, akaliweka chini, akanusa kifuniko. Kisha akamwita jirani yake, mwenye mashine ya kusaga mihogo, na pale pale mbele yangu akamuuzia lita zote ishirini. Ilikuwa kiangazi, mafuta hayakuwa yamefika mjini wiki kadhaa, na bei aliyotaja ilinifumbua mdomo. Nilikuwa nimekopa zikiwa rahisi, nimerudisha zikiwa ghali.

"Papa! Umeniuza!"

"Nilikuambia lita," akasema, akikunja noti zake. "Ulisoma miaka mingapi?"

Mwenye mashine alicheka, akachukua bido, akaanza kwenda. Mzee akamwita arudi.

"Huyu mutu umemuona?" akamwambia, akininyooshea kidole. "Siku akikosa mazutu, umupe. Usimuulize atarudisha lini."

Yule bwana akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaitikia, akaondoka na bido lake. Shofere wa Misheni akafumba macho kwa jua la jioni. Nikamsalimu, nikapanda gari langu, karatasi yake mfukoni. Katika Kasongo yote hapakuwa na mtu aliyenidai franka wala lita.